Barabara ikipanuliwa, nani alipe kuhamisha bomba na nguzo? Yaliyotukuta mtaani kwetu, Tabora

Mwana wa Isevya (mtoa mada)

Habari za jioni wakuu.

Leo ni siku ya kumi na tisa mtaa wetu hauna maji. Si mgao wala si ukame. Maji ya Ziwa Victoria yanafika Tabora, na bwawa la Igombe liko palepale. Tatizo ni barabara. Inapanuliwa, na bomba lililokuwa pembeni yake limejikuta pale pale unapotakiwa kupita mtaro wa maji ya mvua. Kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, kilifika Jumanne, kikachimba hatua chache, kikagusa bomba, maji yakaruka kupita paa la duka. Tangu siku hiyo valvu imefungwa huko juu, kijiko kimeegeshwa, na sisi tunanunua maji kwa dumu kwa vijana wa baiskeli.

Nimekwenda kwa wenye bomba. Wakasema anayetaka bomba lihame ndiye agharamie, wao walililaza kwa kibali. Nikaenda kwa wenye barabara. Wakasema hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa pande zake mbili, ni mali ya barabara, aliyeweka kitu chake humo alijua iko siku ataambiwa aondoke. Mkandarasi naye anasema mkataba wake una fungu la kuhamisha huduma, ila ni dogo, liliandikwa kwa kukisia kabla hakuna aliyejua bomba limepita wapi. Wote watatu walinipokea vizuri na wote wana hoja. Nikarudi nyumbani na dumu langu.

Kuna jambo limenikaa kichwani. Baba yangu mdogo ana nyumba kando ya barabara kuu. Ilipokuja Sheria ya Barabara ya 2007, na kanuni zake za 2009, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ilitoka mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara ikawa mita 30. Zile X zilizopakwa kwenye nyumba mnazikumbuka. X nyekundu ilikuwa ya aliyejenga ndani ya zile mita za zamani, yaani yeye ndiye aliyeifuata barabara, avunje na asidai kitu. X ya kijani ilikuwa ya aliye kwenye mita 7.5 zilizoongezwa, yaani barabara ndiyo iliyomfuata yeye, asiguswe mpaka alipwe fidia. Baba mdogo alipata ya kijani. Unaweza kulalamikia ucheleweshaji utakavyo, lakini kabla ya rangi kupakwa kuna mtu alisimama na utepe akauliza: nani alitangulia hapa?

Bomba halijaulizwa swali hilo. Nguzo haijaulizwa. Nimeuliza ofisi zote mbili bomba letu lililazwa mwaka gani na kwa kibali cha tarehe ipi, hakuna aliyetoa karatasi. Sasa kama hakuna anayejua nani alitangulia, tutajuaje nani alipe?

Naomba wenye uelewa mnifungue macho. Nataka niende kwenye mkutano wa mtaa nikiwa na kitu cha kusema.

---

Fundi Bomba Ng'ambo

Pole sana mkuu. Mimi kazi yangu ni hiyo, miaka kumi na nne sasa.

Wakubwa wakikaa mezani wanazungumzia bomba kuu tu. Kuhamisha bomba kuu ni kazi inayoeleweka: unachimba mtaro mpya nje ya mstari wa barabara, unalaza bomba, unalijaza maji na kulipandisha presha kuona kama linavuja, unalisafisha kwa klorini, halafu siku moja unakata la zamani na kuunganisha jipya. Kila hatua ina bei na mtu wa kuisaini.

Ngoma iko kwenye vijibomba vya wateja. Bomba kuu likihama kutoka upande wako wa barabara kwenda upande wa pili, wewe uliyekuwa mita nne kutoka kwenye bomba sasa uko mita thelathini, na katikati kuna lami. Lazima kila nyumba au kila kundi la nyumba lipitishiwe bomba pana chini ya barabara kabla ya lami kumwagwa, ili bomba dogo lipite ndani yake na siku likipasuka livutwe bila kuchimba lami. Nani ananunua hizo mita ishirini na sita? Nani ananunua kile kibano kipya cha kutobolea bomba kuu? Nimeshuhudia mitaa ambayo mteja aliambiwa anunue mwenyewe, kama vile anaomba maji kwa mara ya kwanza, wakati mita yake ya maji iko ukutani na ankara alikuwa analipa kila mwezi.

Wasipopitisha hayo mabomba pana sasa hivi, lami ikishakauka ndiyo mtaona barabara mpya inachimbwa mfereji kila nyumba tano.

---

Mama Mgahawa

Mimi niko mtaa huohuo wa mtoa mada, nauza chakula.

Kwa siku natumia madumu kumi na mbili. Bombani nilikuwa silipi hata robo ya ninachompa kijana wa baiskeli sasa. Nimepunguza maharage kwa sababu yanakula maji kuyachemsha, wateja wamepungua, binti aliyekuwa ananisaidia nimemwambia apumzike kwanza.

Mnauliza nani alipe. Mimi nalipa tangu siku ya kwanza. Hao wengine ndio bado wanajadiliana.

---

Mhandisi Mstaafu

Nimesoma uzi huu mpaka kwa dada yangu wa mgahawa nikasema niandike. Nimefanya kazi za barabara sehemu kubwa ya maisha yangu, nimestaafu, sina ofisi ya kuitetea.

Kwanza mtoa mada, wote wawili uliowaendea wamekusomea nusu ya jambo. Bomba au laini ya umeme inaweza kuwa imesimama kwa haki ya aina mbili. Ya kwanza ni mkuza wake yenyewe: ardhi ilitwaliwa kwa ajili yake, wenye mashamba wakalipwa fidia, mipaka ikapimwa. Laini kubwa za umeme zinazovuka mapori yetu ziko hivyo. Barabara ikitaka kupita mle, barabara ndiyo mgeni, na ni haki mgeni abebe gharama. Ya pili ni kukaa ndani ya hifadhi ya barabara kwa kibali cha mamlaka ya barabara. Hapo hukununua ardhi, umekaribishwa. Mabomba na nguzo nyingi za mijini ziko katika hali hii ya pili.

Wenzetu walishapelekana mahakamani juu ya hili zamani sana. New Orleans, Marekani, kampuni ya gesi ilikuwa na ruhusa ya kulaza mabomba chini ya mitaa. Ikaja tume ya mifereji ya kuondoa maji mjini, ikataka kupita palepale. Kampuni ikahama, ikadai ilipwe. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hailipwi: ruhusa ya kulaza bomba mtaani haikuwa ruhusa ya kumiliki sehemu fulani ya mtaa milele, na afya ya mji ilikuwa na haki ya kutangulia. Hukumu hiyo inafanana na msemo wa ofisi ya barabara kwamba "alijua ataondoka".

Ila hata kule hawakuishia hapo. Mwaka 1956 walipoanza mtandao wao mkubwa wa barabara kuu, sheria iliruhusu fedha za serikali kuu zirudishe gharama za kuhamisha huduma pale jimbo lilipokuwa limezilipa. Mimi naona ni haki, kampuni ndogo ya maji ya kijijini haiwezi kubeba mzigo wa barabara inayovuka nchi nzima.

Uingereza wao waligawana. Wana sheria ya 1991 ya barabara na kazi za mitaani, na kanuni zake zinasema kazi ya barabara ikilazimisha bomba kuhama, mwenye bomba hubeba asilimia 18 ya gharama inayokubalika na mamlaka ya barabara hubeba zinazobaki, mradi mamlaka hiyo imelipa sehemu kubwa mapema. Mimi napenda mambo mawili hapo. Mwenye bomba ana kitu chake mezani, kwa hiyo hatandiki bomba la kifahari kwa fedha ya mwingine. Na mwenye barabara anabanwa alipe kabla, asingoje bomba lishahama ndipo aanze kutafuta saini.

Sasa kwetu. Kwenye miradi niliyoisimamia, gharama ya kuhamisha huduma iliwekwa ndani ya mkataba wa barabara kama fungu la makadirio. Mwenye huduma analeta hesabu yake, mhandisi mshauri anaikagua, mradi unalipa, kazi inafanywa na mwenye huduma au na mkandarasi chini ya usimamizi wake. Utaratibu si mbaya. Unavunjika kwenye neno "makadirio". Mtu ameketi ofisini, hana ramani ya bomba, anaandika tarakimu ya kujazia nafasi. Kijiko kikifika kinakuta mabomba mawili badala ya moja, na moja ni la chuma la zamani lisilotumika ila hakuna anayethubutu kulikata.

Na kuna gharama ambayo mtoa mada haioni kutoka barazani kwake. Kile kijiko kilichoegeshwa kina bei yake. Mkandarasi akikabidhiwa eneo lenye bomba ambalo halijahamishwa, mkataba unampa njia ya kudai muda wa nyongeza, na mara nyingi fedha za mitambo na watu waliokaa bure. Nimekagua madai ya kusubiri yaliyozidi bei ya bomba lililokuwa likisubiriwa. Fedha hizo hazikununua hata mita moja ya kitu chochote.

---

Kijana wa Kiloleni

Shikamoo mzee. Nimejifunza mengi ila mimi naona kama tunajichosha. Bomba ni la umma, barabara ni ya umma. Serikali ikijilipa yenyewe ni kuhamisha fedha mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Walipe yeyote, maji yarudi.

---

Karani wa Hesabu

Kijana wa Kiloleni, ningekuwa nje ya kazi hizi ningesema kama wewe. Lakini mifuko si mmoja.

Mamlaka ya maji ya mjini inaishi kwa ankara. Bei zake zinapitishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, kwa kuangalia gharama zake. Ukiitwisha bomba la kuhama, gharama hiyo itaonekana kwenye hesabu zake, na kesho ikiomba bei mpya, anayeilipa ni mteja wa maji wa Tabora. Ni mama wa mgahawa huyuhuyu, pamoja na mjane wa Kanyenye ambaye hana hata baiskeli ya kuipitisha kwenye hiyo barabara.

Barabara mpya inajengwa kwa bajeti kuu na mikopo, yaani mlipa kodi wa nchi nzima. Mfuko wa Barabara nao unakusanya tozo ya mafuta, ingawa sehemu yake kubwa kabisa ni ya matengenezo. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Kigoma linachangia kote huko. Kwa hiyo ukiuliza nani alipe, unauliza kama mtaro wa barabara ya wote ulipiwe na wote au ulipiwe na wanaokunywa maji ya mji mmoja.

Tena bomba la Ziwa Victoria lililoleta maji Tabora, Igunga na Nzega limejengwa kwa mkopo wa India wa dola za Marekani milioni 268.35. Deni hilo ni letu sote. Ukivunja kipande cha mtandao unaosambaza maji hayo ukakijenga upya, umelipia kitu kilekile mara mbili.

---

Mha wa Gungu

Mwakeye ndugu zangu wa Tabora.

Huku Kigoma tunausoma uzi wenu kwa makini kwa sababu reli inakuja. Kipande cha SGR, reli mpya ya kisasa, cha Tabora hadi Kigoma ni kilomita 506 na mkataba ulisainiwa Desemba 2022. Hesabuni wenyewe ni mara ngapi mstari huo utavukana na nguzo, bomba la kijiji na waya wa simu. Reli ya zamani ilifika kwetu 1914, kwa hiyo kwa hesabu ya nani alitangulia, karibu kila bomba lililoivuka liliikuta na likaomba kupita. Reli mpya inapoiacha njia ya zamani ni tofauti. Pale inakuta kisima cha watu kina bomba lake, kijiji kilichangishana kununua, kamati ya maji ina daftari. Hapo ni X ya kijani, sioni ubishi.

Ninachoogopa ni kijiji kutokuwa na karatasi. Wenye miji angalau mna ofisi. Bomba la kijiji mara nyingi ramani yake ni kichwa cha mzee mmoja aliyeshika sururu siku ya kuchimba. Mzee akifariki, bomba linakuwa halijawahi kuwepo mpaka siku kijiko kilipolipata.

Huku kwetu mji uko mabondeni na vilimani, maji yanasukumwa kutoka ziwani kwenda juu. Ukifunga valvu moja kwa ajili ya mtaro wa barabara, kilima kizima kinakauka. Na miaka ya karibuni Ziwa Tanganyika lenyewe limepanda likala nyumba na miundombinu ya ufukweni. Ziwa huwezi kuliandikia ankara. Mwenye mradi unaweza, na ndiyo maana inaniuma kuona mwenye mradi na mwenye bomba wanashindana kukwepa kalamu.

---

Mpima Barabara

Nitasema upande wa pili ingawa sitapendwa.

Wenye huduma wanapenda hifadhi ya barabara kwa sababu humo hawalipi fidia. Wangepita nyuma ya nyumba wangelipa fidia ya migomba, miembe na ukuta wa choo. Wanakuja pembeni ya barabara kwa kibali, wakati mwingine bila kibali, na wanalaza bomba futi mbili tu chini kwa sababu kuchimba zaidi ni ghali. Nimekuta bomba limelazwa mwaka mmoja baada ya sisi kupigilia vigingi vya upanuzi. Vigingi vilionekana! Huyo naye barabara imemfuata? Tukimlipa huyo, kila mtu atakimbilia kulaza bomba kwenye hifadhi akingoja kulipwa.

---

Mwana wa Isevya (mtoa mada)

Mpima Barabara, sina neno la kukukatalia hapo. Aliyelaza bomba baada ya vigingi ana X nyekundu na abebe mwenyewe. Nilianza uzi nikiamini barabara ndiyo yenye makosa siku zote, na hilo nalirudisha.

Ila angalia tumefika wapi. Wewe unajua vigingi vilipigwa lini. Fundi anajua bomba lilivyolazwa. Mzee anajua mkataba unasema nini. Karani anajua fedha inatoka kwa nani. Hakuna siku ninyi wanne mmewahi kukaa meza moja kabla ya kijiko kushushwa. Mnakutana humu, usiku, kwenye uzi wa mtu aliyekosa maji.

Mkutano wa mtaa ulikuwa jana jioni. Nilisema mambo matatu tu, mengine niliyaacha. La kwanza, bomba la mteja liandikwe kwenye hesabu ya mradi pamoja na bomba kuu, mpaka kwenye mita. Mwenye mita asinunue hata inchi, kwa sababu hakuomba kuhama. La pili, mabomba pana ya kuvukia yapitishwe chini kabla ya lami. La tatu, ubishi wa nani alipe bomba kuu waupeleke kwenye barua zao, lakini valvu ifunguliwe kwa bomba la muda juu ya ardhi. Fundi aliniambia inbox kwamba inawezekana kabisa, bomba la plastiki la kulaza juu linafanya kazi ya siku mbili.

Mtendaji aliandika yote kwenye muhtasari. Diwani alikuwepo, akapiga simu palepale. Leo mchana watu wamekuja na roli mbili za bomba wanalitandika kando ya ukuta. Nimeambiwa kesho jioni maji yatafika mpaka kwa mama wa mgahawa. Juu ya nani analipa bomba kuu, bado hawajakubaliana.

---

Mama Mgahawa

Wamefika. Wako mbele ya mlango wangu sasa hivi. Nimewapa chai.

---

Mhandisi Mstaafu

Vizuri sana. Ila bomba la juu linapondwa na pikipiki, mlifukie kidogo kwenye njia za kuingilia nyumbani au mliwekee mbao pande zote mbili.

Na msiache mtaa wa pili ungoje kijiko kigundue. Kijiko kikianza tena kitafika huko ndani ya wiki moja. Kuchimba vishimo vya mkono vya kutafuta bomba, kila mita hamsini, ni kazi ya koleo na siku moja. Pakipatikana bomba, pima umbali wake kutoka katikati ya barabara, pima kina, andika ni la chuma au la plastiki, piga picha, mpe mpima. Akiwa na karatasi hiyo hawezi tena kuandika tarakimu ya kujazia nafasi.

---

Mpima Barabara

Nileteeni karatasi hiyo, nitaiingiza kwenye mchoro. Nasema kwa dhati. Ila vipimo vianzie katikati ya barabara ya sasa, visianzie kwenye ukuta wa mtu, maana kuta zenyewe zitavunjwa.

---

Fundi Bomba Ng'ambo

Jumamosi sina kazi. Nakuja na koleo mbili na utepe wa mita hamsini, mtoa mada tafuta vijana wanne na mzee yeyote aliyekuwepo bomba likilazwa. Tukutane saa moja asubuhi pale kwenye mwembe. Tutaweka alama kwa chokaa nyeupe, tusitumie rangi, watu wa mtaa wa pili wasije wakaamka wakadhani nyumba zao zimepigwa X.